Anayekalia Kifua cha Solfrid

Usiku wa tisa tangu abadilishwe nyonga, Solfrid alihisi godoro likibonyea upande wa miguuni, na chumbani hamkuwa na mtu.

Hakukuwa hata na giza la kulisingizia. Ilikuwa Juni, na kisiwani Senja, kaskazini ya mbali, jua la Juni halijui kwenda kulala. Saa nane usiku limekaa juu ya bahari, linachungulia pembeni mwa pazia kama jirani mmbea. Solfrid alikuwa chali, mto umebanwa katikati ya magoti, kama hospitali walivyoagiza. Chali wiki sita. Usigeuke, usiiname, usipishanishe miguu, la sivyo nyonga mpya ya chuma inachomoka na unarudi kupasuliwa. Safari hiyo asingerudishwa nyumbani kwake, angepelekwa moja kwa moja kwenye nyumba ya wazee. Mtu aliyelala ubavu miaka sabini na miwili leo amelazwa kama samaki mezani! Usingizi ulimkataa katakata. Alihesabu mbao za dari, akazitukana moja baada ya nyingine.

Godoro likabonyea tena, safari hii karibu na magoti. Akajiambia ni dawa za maumivu.

Asubuhi binti yake, Hege, alimletea kahawa. Alikuwa amechukua likizo ya kazi huko mjini Trondheim kuja kumuuguza.

"Umelala, Mama?"

"Nimelala wapi."

"Jitahidi basi."

"Usingizi haujitahidiwi, mwanangu. Ukiukimbiza ndio unazidi kukimbia." Kisha akaonyesha chini kwa kidevu. "Vigeuze hivyo viatu. Ncha zielekee mlangoni."

"Mtaalamu wa mazoezi kasema vielekee kitandani, uvivae bila kuinama."

"Nimesema vigeuze."

"Kwa sababu gani?"

Solfrid akachukua kikombe. Mtu aliyekaa dirishani pa posta miaka thelathini, na jina lake limo kwenye kamati ya kanisa, atamwambiaje mtoto msomi kwamba viatu vikielekea kitandani vinamwonyesha jinamizi pa kupandia? Bibi yake hakuzima taa kabla ya kugeuza viatu vya nyumba nzima. Solfrid naye alivigeuza maisha yake yote, akiulizwa anasema ni usafi tu. Sasa hakuweza kuinama.

Hege alipotoka alijaribu kwa gongo. Kiatu kimoja kikapinduka, cha pili kikatokomea uvunguni. Alibaki anakitazama kile cha kwanza kwa hasira mpaka machozi yakamtoka.

"Lakini unahangaika nini?" Hege alirudi, akavipanga tena vilevile, ncha kitandani, akashusha pumzi puani. Alikuwa anashusha pumzi hivyo kwa siku ya tisa sasa.

Usiku ule jinamizi hakubonyeza tu godoro. Kwanza ilikuja harufu, ya sufu iliyolowa na maziwa yaliyochacha, halafu mlango ukalia kidogo ingawa ulikuwa umefungwa, na Solfrid akahisi uzito ukipanda kutoka vidoleni kwenda kwenye magoti, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi na chungu kichwani, ukampita kwenye mshono uliokuwa bado unawaka, ukamkalia kifuani mpaka mbavu zikakosa pa kwenda, naye macho yamo wazi, jua limo ukutani, anaona kila ua la pazia lakini hamwoni aliyemkalia, na ulimi umekufa mdomoni. Kisha mto wa magotini ukaanza kuvutwa. Goti lake likasukumwa ndani, pole pole, lipite juu ya mwenzake. Hapo akaelewa kwamba kinachotakiwa ni nyonga yake.

Akakumbuka alichosema bibi. Jinamizi ni mtu aliye hai, hutoka mwilini akiwa amelala na mwenyewe hajui. Mwalike aje asubuhi umpe chumvi. Wa kwanza kuiomba ndiye. Mtajie jina lake lote mwenyewe akisikia, na hatakukalia tena.

Aliusukuma ulimi kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. "Njoo asubuhi," alinong'ona. "Nitakupa chumvi."

Uzito ukaondoka.

Asubuhi alikaa jikoni kwenye kiti kirefu, magongo pembeni, anamsubiri Bergljot wa nyumba ya pili. Ni yeye tu. Mwanamke yule aliitamani bustani ya viazi ya Solfrid tangu enzi. Solfrid alishaandaa na maneno ya kumwambia.

Hege akaingia na yai la kuchemsha, macho yamezungukwa na weusi. "Mama, nipe hiyo chumvi."

Solfrid alikishika kichupa cha chumvi, asimpe.

"Nini?" Hege aliuliza.

Alitamani kunyamaza. Ilimuuma kuliko mshono. "Hege Johanne Fredriksen," alisema. Kisha akamweleza yote, viatu, harufu, goti.

Hege alianza kwa kucheka, akaishia kulia. "Nimechoka, Mama. Nalala kama gogo na naamka kama niliyebeba mizigo usiku kucha. Lakini sijawahi kukutakia mabaya."

"Najua. Ukiwa macho hujawahi." Alimpapasa nywele. "Nenda kwako, mwanangu. Muuguzi wa manispaa atakuja mara mbili kwa siku, yatosha."

Hege aliondoka siku ileile. Kabla ya kutoka aligeuza viatu bila kuambiwa.

Ndipo Solfrid alipojua upweke wa mtu asiyeweza kuinama. Soksi ilianguka, ikabaki chini. Kijiko kikaanguka, kikabaki. Simu ikalia sebuleni, alipofika imekatika. Kufika jioni alikuwa amefura kwa hasira. Ni kweli alimwambia aende, lakini mtoto si angebisha kidogo? Si angesema hata mara moja, Mama, nabaki? Alipanda kitandani na hasira hiyo, akalala chali, na usingizi ukamchukua papo hapo kama mtoto mchanga.

Aliamka saa tatu asubuhi. Hakukuwa na harufu, wala mto haukusogea. Ila nyayo zilimuuma, kama za mtu aliyetembea mbali.

Simu ikalia, safari hii aliiwahi.

"Mama." Hege alinong'ona kama aliyeficha mdomo kwa shuka. "Jana usiku kuna kitu kilinikalia kifuani."

"Ulikuwa umechoka na safari."

"Sikiliza kwanza. Kilikuwa hakilingani. Upande mmoja ni mwili wa mtu, una joto. Upande wa pili, hapa kiunoni, ni chuma. Baridi yake iko ubavuni mwangu mpaka sasa."

Solfrid alitafuta kiti, akakaa. Hasira ya jana ilikuwa imekwisha yote, na alijua ilikokwenda.

"Niite jina langu," alisema. "Lote. Kabla usiku haujafika."

"Mama, siwezi."

"Utaweza. Mimi la kwako niliweza."