Ukingo wa Tabaga

Maimunah alikutwa Ijumaa saa mbili asubuhi, amelala kifudifudi jikoni kwake Kibuli, kisogo kimepasuka. Uji ulikuwa umekauka sufuriani. Mchi wa kinu ulisimama kando ya mlango, msafi kuliko chombo kingine chochote cha nyumba ile.

Inspekta Adyero aliutazama mchi kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama maiti. Maiti hazikumshtua tena. Alikulia kaskazini wakati wa vita. Mchi uliooshwa ndio uliomkera.

"Mwizi haoshi vyombo," alimwambia Konstebo Obura.

Daktari wa uchunguzi alisema mapigo yalikuwa mawili, Alhamisi baina ya saa kumi na magharibi. Redio ilikuwepo, simu ilikuwepo. Kitu kimoja tu kilikosekana: tabaga.

Marehemu alikuwa Mnubi, na Kibuli nzima ilimjua kwa matabaga yake, yale masinia ya ukindu wa rangi yanayofunika chakula cha harusi. Hili lililotoweka lilikuwa la bintiye, Nuriat, na lilibakiza mzunguko mmoja tu. Si kwa uvivu. Ilikuwa desturi ya nyumba ile: mama anasuka, ukingo anauacha wazi, na bibi harusi anaufunga kwa mkono wake mwenyewe siku ya hina.

Kilichomponza Nuriat ni mchumba. Alitaka kuolewa na Nyongesa, Mkenya, Mkristo, muuza vipuri wa Kawempe, na kelele za mama na binti juu ya jambo hilo zilikuwa zimewachosha hata kuku wa jirani. Aliyezisimulia kwa polisi alikuwa mpangaji wa chumba cha uani, Dolphine, binti wa Busia aliyeuza mapazia dukani Ntinda. Maimunah alikuwa amemfundisha kusuka, akamwita mwanangu.

"Alhamisi waligombana sana, Afande," Dolphine alisema, macho yamemvimba. "Sikutaka kusema."

Lakini alisema, tena vizuri, huku akiwamiminia polisi chai. Shangazi mmoja wa msibani alimnyang'anya birika, akamuuliza kama kwao wageni hupewa chai kwa mkono wa kushoto.

Adhuhuri Nuriat alikuwa mahabusu. Sheria ilitoa saa arobaini na nane: Jumapili adhuhuri, ama ashtakiwe kwa mauaji, ama aachiliwe. Mkuu wa kituo hakuficha anachotaka. Binti mkaidi, mama amekufa, shahidi analia. Angetaka nini zaidi?

"Tabaga liko wapi?" Adyero alimuuliza Nuriat mahabusu.

"Ningejua, ningekuwa nimelikumbatia."

"Mligombana."

"Tangu nizaliwe. Lakini Alhamisi mchana alikubali. Alisema Nyongesa kosa lake ni kuzaliwa mbali, mengine atazoea."

"Nani alimsikia akikubali?"

"Mimi."

"Na nani?"

Mwingine aliyesikia alikuwa kwenye chumba cha maiti.

Adyero alichukua simu ya binti huyo. Ndani kulikuwa na picha ya tabaga, jekundu na jeusi, ukingo wazi. Alijua kwamba mwenye tabaga ndiye mwenye mchi. Akamkabidhi Obura kazi ya kulitafuta kwenye mtandao, maana mwaka ule, 2012, hata mbuzi wa Kampala walikuwa wanauzwa huko.

Obura alikaa kwenye kompyuta ya kituo Jumamosi nzima. Aliandika tabaga, akaandika sinia la Wanubi, akaandika Kibuli. Mtambo wa kutafutia ulimpa orodha, kurasa juu ya kurasa, maandishi matupu: historia ya wanajeshi, mahoteli, piramidi za Misri, msikiti, hospitali. Jioni macho yake yalikuwa mekundu kama ya mlevi.

"Hakuna, Afande. Hii kitu haiko."

"Unaitafuta kwa jina," Adyero alisema. "Huko kwetu mwizi wa ng'ombe anaanza na kumbadilishia jina. Mwenye ng'ombe haiti jina. Anatazama madoa."

Jumapili saa tatu walikuwa Kibuli, kwenye kibanda cha intaneti cha Abdul-Latif. Adyero aliuliza kama kuna namna ya kutafuta bila maneno. Ilikuwepo. Mtambo unapewa picha, unaleta picha zinazofanana nayo. Abdul-Latif aliitazama ile ya kwenye simu, akasita.

"Mbona Mama Nuriat mwenyewe alikuja nayo Alhamisi? Alitaka kuichapisha kwa ajili ya kadi za harusi. Nikamchezea kidogo, nikaupa mtambo picha hiyo aone. Alicheka, kisha akaisogelea kompyuta. Akaniomba nimchapishie ule ukurasa."

"Saa ngapi?"

"Saa tisa."

Saa tisa. Saa moja baadaye, au mbili, alikuwa anakufa.

"Fanya kama ulivyofanya."

Kioo cha kompyuta kilijaa masinia. Hakukuwa na orodha wala mstari wa kusoma, ila nyuso za duara za rangi, na kumi na moja zilitoka ukurasa mmoja. Obura aliufungua. Ulisema ni mapambo ya ukuta ya Ethiopia. Hakuna Wanubi, hakuna Kibuli, hakuna Maimunah. Hata angeandika mpaka Krismasi, asingelipata.

Juu kabisa palikuwa na la kumi na mbili, lililowekwa jana. Jekundu na jeusi. Na ukingo umefungwa.

Adyero aliishika simu ya Nuriat kando ya kioo. Mizunguko yote ililalia kulia. Ule wa mwisho ulilalia kushoto.

"Obura. Yule aliyenyang'anywa birika anafanya kazi wapi?"

Walimkuta Ntinda, dukani. Tabaga lilikuwa ndani ya boksi, chini ya mapazia, limefungwa tayari kusafiri. Kituoni Adyero alimpa onyo kwa mujibu wa sheria, kisha akamwekea mezani ukindu na sindano.

"Nifundishe kidogo."

Dolphine aliutazama ukindu, akaficha mkono wa kushoto chini ya meza. Kisha akautoa. Ukaishika sindano.

"Alinipa matabaga kumi," alisema. "Nimuuzie sokoni. Nikayaweka mtandaoni, wazungu wakaniandikia kwamba nina mikono ya ajabu. Mimi, Afande. Mama hasomi. Tulipokwenda kwa Abdul-Latif nilimwonyesha orodha, nikamwambia ona, maandishi tu, vitu vyako havimo. Aliamini."

"Mpaka Alhamisi."

"Karatasi aliitandika jikoni. Nilipiga magoti. Nilijua ataniita mwizi, na ningevumilia. Hakuniita. Aliweka kidole kwenye picha moja moja, hii yangu, hii yangu, kama anahesabu wajukuu. Kumi. Akafika ya mwisho, ile ya tabaga nililolisuka mimi. Miezi minne, Afande. Akasema, 'Mwanangu, umeniibia mazuri yote. Sasa hili bovu ulilitoa wapi?' Akacheka. Akanigeuzia mgongo akoroge uji."

Obura aliacha kuandika.

"Na binti yake?" Adyero aliuliza. "Ungemwacha anyongwe?"

Dolphine alikuwa anatazama boksi walilolitoa dukani.

"Nilikesha na ule ukingo," alisema polepole. "Ulitoka sawa, Afande?"

Adyero alimsogezea maelezo atie sahihi. Alitia, kwa mkono uleule.

Saa sita kasoro robo Nuriat alitolewa mahabusu. Nyongesa alikuwa amemsubiri kwenye benchi tangu Ijumaa, shati lilelile. Tabaga lilikuwa juu ya meza, ndani ya mfuko wa kielelezo. Nuriat aliomba kuligusa, na Adyero akageukia dirishani kama mtu asiyeona.

Alilipapasa juu ya nailoni kutoka katikati, mzunguko kwa mzunguko, midomo ikicheza. Mwishoni kidole kilisimama.

"Hapa mama hayupo," alisema.

"Mahakama ikimaliza nalo, utarudishiwa."

"Inachukua muda gani?"

"Mwaka. Pengine miwili."

Nuriat alimtazama Nyongesa, kisha akautazama tena ukingo.

"Basi harusi itasubiri," alisema. "Nina mzunguko wa kufumua kwanza."