Kilichoziba Sinki

Jumamosi, saa nne asubuhi, rafiki yangu, mtafiti wa panya, alirudi nyumbani baada ya miezi kumi na minne kisiwani. Mkewe alimpokea mlangoni.

"Baba nanihii, ukiniletea uchafu wako wa porini, mimi na mtoto tunarudi kwetu."

"Nimekuja na nguo tu, mke wangu."

"Haya, profesa, zibua sinki."

Bomba la sinki lilikuwa likitoa sauti ya kutafunatafuna. Aliingiza mkono gizani, akavuta nywele, mafuta yaliyoganda na ute wenye harufu ya mzoga. Mwishoni likatoka sikio la panya, lenye hereni namba 317, aliyomvisha panya mmoja kule kisiwani asubuhi ya kuondoka.

"Umetoa nini?" mkewe aliuliza.

Alilifumbata. Lilikuwa bado na joto.