Wagonjwa Kumi na Mmoja Kwanza

Walikutana sokoni Katoro, bodaboda ilipomrushia Chausiku tope kwenye dera lake la njano. Akida, mchimbaji wa Kisukuma aliyekuwa akinunua kamba, akavua shati na kumpa ajifutie.

"Na wewe ubaki kifua wazi?"

"Nesi hajawahi kuona kifua?"

"Umejuaje mimi nesi?"

"Unanukia spiriti, mrembo."

Miezi mitatu wakapigiana simu kila jioni. Kisha kipindupindu kikaingia machimboni, jirani na Rwamgasa, wakati makundi mawili yakigombea shimo moja la dhahabu. Kundi moja, lililoongozwa na Sikujua, likafunga njia kwa magogo: gari la dawa lisipite, lisije likafuatwa na polisi. Akida alikuwa ng'ambo, kwa mahasimu wao, akitapika.

Chausiku, aliyekuja na gari hilo, akashuka, akawaendea kwa miguu. Silaha yake ilikuwa moja: yeye Mzigua, wao Wasukuma, watani tangu mababu.

"Nyie wala michembe, viazi vikavu! Nani kawafundisha kumfungia mtani wenu Mzigua mlango?"

Panga aliloliinua Sikujua halikushuka.

"Mzigua, unataka tukuzike hapa?"

"Nizikeni, mgharamie sanda!"

Mmoja akacheka. Wengine wakafuata.

"Pita," Sikujua akasema. "Polisi hapana. Na wagonjwa wetu kumi na mmoja kwanza."

"Nikimaliza unanivusha ng'ambo. Apa."

Akaapa.

Alikuwa kwa mgonjwa wa nne simu ilipoita.

"Uko wapi, Chau?" Sauti ya Akida ilikuwa imekauka.

"Kwa Sikujua."

"Unawatibu waliotukata mapanga? Mimi nakufa!"

"Nikiwaruka, njia inafungwa kwa wote, mpenzi. Kunywa maji ya chumvi na sukari, kidogo kidogo."

"Baki nao!" Akakata.

Wa tano. Wa sita. Kila alipomaliza mmoja alimpigia Akida, na simu iliita mpaka ikakatika yenyewe. Kwa wa tisa haikuita kabisa.

Alipomtundikia dripu wa kumi na mmoja, Sikujua akajitwika boksi la dawa, akaacha panga, akatangulia.

Akida alilala juu ya gunia, macho yamezama. Alinyoosha mkono.

Mshipa wa kwanza ukakataa sindano. Wa pili ukapasuka. Chausiku akauma mdomo. Wa tatu ukapokea. Matone yakaanza kushuka.

"Ukinifia, Akida, sikusamehe."

"Nikipona?" akanong'ona.

"Utakwenda Handeni kwa baba, na ng'ombe wako."

"Wangapi?"

"Nyamaza, Msukuma. Pumua kwanza."