Sekunde Kumi na Moja

Ganda la roketi lilimeta mara tatu juu ya Laghouat, mji wa Algeria, kisha likazimika katikati ya anga safi.

Belkacem, fundi televisheni mstaafu, alikuwa amelifuatilia miaka tisa kutoka juu ya paa lake. Chuma kile kilichokufa kilizunguka dunia kikibingirika, na kila kilipogeuzia jua ubavu kilimeta. Sekunde kumi na moja, tena kumi na moja. Alipima kwa saa ya wakimbiaji, akaandika kwenye daftari.

Jioni ile, adhana ya Magharibi ikiwa ndiyo kwanza imekwisha, mdogo wake Mebrouk, aliyekaa nyumba ya chini, aliwasha taa kubwa ya uani. Mwanga ukamjaa Belkacem machoni.

"Zima!"

"Uani kwangu, kaka. Funga macho."

"Zima, wewe mnyama!"

"Nenda kalale na mabati yako ya angani!"

Hapo hasira ya miaka miwili ikampanda. Mama yao alifia kwenye nyumba ile ya chini, na Mebrouk hakupanda hata ngazi kumi na nne kumwita kaka yake. Belkacem alinyoosha kidole juu, pale lilipozimikia lile ganda.

"Wewe uliye huko, yeyote uliye, shuka umchukue!"

Akangoja kumeta kwa nne. Hakukuwa na kitu. Ila harufu ya chuma kilichoungua ilimpita sikioni, baridi kama pumzi ya friji, ikashuka ngazi. Chini taa ikapasuka.

Asubuhi mkewe, Hadda, alipanda akikimbia, unga wa mkate bado mikononi.

"Shuka umwone ndugu yako."

"Sishuki."

"Belkacem! Shuka!"

Mebrouk alikuwa amekaa mkekani, jua limejaa chumba. Alitulia tuli kama aliyelala, kisha mwili mzima ukazunguka duara moja bila mikono kugusa chini, visigino vikiparuza sakafu, na uso ulipofika dirishani macho yakageuka meupe, yakawaka. Akatulia tena. Belkacem alijikuta anahesabu, na hakutaka kuhesabu, lakini moyo wake ulihesabu wenyewe, tisa, kumi, na kwenye kumi na moja visigino vikaparuza na macho yakawaka, na sahani kabatini zikageuka zote pamoja, na ile harufu ikamwingia kooni mpaka akashika ukuta.

Hadda alimleta Si Tahar, mzee anayewasomea wenye majini. Alisoma tangu adhuhuri hadi alasiri, jasho likimdondoka ndevuni. Mwishowe akafunga msahafu.

"Hawa hupanda juu kudukua maneno ya mbinguni na ya ardhini," alinong'ona. "Huyu alijipatia chuma cha kukalia. Hakuja mwenyewe. Nani kamwita?"

Hadda alimtazama mumewe. "Sema, au nitasema mimi. Nilikusikia."

"Mimi," alisema Belkacem.

"Basi wewe ndiye utakayemfukuza," alisema Si Tahar. "Kwa moyo. Ukisema kwa mdomo tu, atamvunja shingo."

Belkacem akachuchumaa. Kabla hajafungua kinywa, sauti kavu ikatoka kwa Mebrouk, midomo haisogei.

"Siku ile nilikuwa napita juu ya nyumba hii. Nilisikia alichosema mama yako kabla ya kukata roho. Niache nikae, nikwambie."

Visigino vikaparuza.

"Usimjibu," Si Tahar alisema kwa hofu.

"Alikutaja wewe," sauti ikasema. "Maneno sita. Unayataka?"

Belkacem aliyataka. Miaka miwili hakulala akiyataka. Alimtazama mdogo wake, damu ikimchuruzika visiginoni, shingo ikialika kila duara, na akamchukia, na palepale akamwona yule mtoto aliyekuwa akimbeba mgongoni kwenda kisimani.

"Ishi na maneno yako!" alinguruma, machozi yakimtoka. "Huyu ni ndugu yangu! Nimchukie, nisimchukie, ni wangu! Toka!"

Kabati likaanguka. Upepo wa baridi ukapita mlangoni, na Mebrouk akalala chali, akihema kama aliyeopolewa akizama.

Hadda alimpa maji. Alipoweza kusema, alimshika kaka yake mkono.

"Alikwambia? Alichosema mama?"

"Hapana."

Mebrouk akafumba macho, akashusha pumzi ndefu, na uso wake wote ukalegea kwa nafuu.

Belkacem aliiona nafuu ile, akajua mdogo wake anayaficha maneno yale. Akautoa mkono wake taratibu. Hasira ikamrudia, safari hii kimya, nzito, haina makelele.

Na nje, kwenye ngazi za kupandia paa, kitu chenye harufu ya chuma kilichoungua kikakaa chini, kama mgeni aliyeambiwa asubiri.