Chemchemi Imegeuka Kijani

"Kipanga, chemchemi ya kiwanda cha matofali imegeuka kijani," sauti ya Mkuu ilisema simuni. "Mafundi wanadhani ni sumu."

Jasusi Kipanga aliiacha chai mezani, akashika funguo za Land Cruiser.

"Si sumu, Mkuu. Ni dada."

Basi mjue kwamba dada yake, wa baba mmoja mama mmoja, alikuwa mtafiti wa maji ya ardhini. Mbishi kupindukia. Aligundua jambo lililowanyima wakubwa usingizi: maji yaliyojificha chini huisukuma miamba. Yakizidi nguvu penye ufa, mwamba uliokwama tangu enzi na enzi huteleza, na ardhi ikatetemeka. Wageni fulani waliusoma utafiti huo. Wakajifanya wachimba madini, wakamilikishwa mlima mzima, kisha wakamteka mtafiti mwenyewe awapigie hesabu. Shabaha yao ilikuwa kulibomoa bwawa lililo juu ya mji.

Visima vya zamani walivyovirithi vilitapakaa mlimani, vyote sasa ndani ya kuta zao. Kimoja tu ndicho kilichokuwa kikisukuma maji ufani. Kipi? Idara nzima ilikuwa gizani, na kukosea kungewashtua wahalifu.

Lakini dada alikuwa na mtindo wake wa kazi. Akitaka kujua maji ya kisima yanaenda kutokezea wapi, alimwaga rangi humo, kisha akaenda kuisubiri chemchemini. Mara nyingi alimburuta Kipanga wakae wote, wakitafuna karanga na kutaniana. Ndiyo maana Kipanga alijua: chemchemi ya matofali hupata maji kutoka kisima cha tisa tu.

"Rangi inachukua muda gani kufika?" aliwahi kumuuliza.

"Wiki tatu, mdogo wangu. Maji hayana papara kama wewe."

Wiki tatu.

Kipanga alikanyaga mafuta ili asiwaze.

"Kipanga, subiri kikosi," redio ilikoroma.

"Siwezi."

"Ni amri."

Akaizima.

Kwenye geti la kisima cha tisa, mlinzi aliinua bunduki. Glock ya Kipanga ikawahi. Mlinzi wa pili alikula kitako cha bastola shingoni, akalala kimya.

Ndani, pampu ilinguruma hadi sakafu ikatetemeka. Mhandisi wa kigeni alisimama mbele ya kipimo cha nguvu ya maji, kikombe cha kahawa mkononi. Mshale ulikuwa umeingia kwenye nyekundu.

"Zima pampu. Fungua vali ya kutolea maji."

"Umechelewa, kijana. Muda si mrefu mlima utateleza."

"Basi utateleza na sisi wawili humu ndani."

Mhandisi alimtazama usoni, akaona hatanii. Kikombe kikamponyoka. Akazima pampu, akaizungusha vali kwa mikono miwili, na maji yakapanda kwa kishindo na kufurika uani. Mshale ukaanza kushuka. Sakafu ikatulia.

"Dada yangu yuko wapi?"

"Alikataa kutumalizia hesabu," mhandisi alisema, macho chini. "Nyuma ya stoo. Ni siku nyingi sasa."

Ukutani mwa stoo kulikuwa na alama za viganja, za kijani. Nyuma yake, tuta la udongo.

Kipanga akachuchumaa. Dada aliijua hesabu ya wiki tatu kuliko mtu yeyote. Alipomwaga ile rangi alijua mji huenda ukaokolewa, na alijua yeye hatafikiwa akiwa hai. Hata hivyo aliimwaga. Kipanga alilia, tena kwa sauti, na asiyetaka majasusi wanaolia atafute hadithi nyingine.

Kisha akaiwasha redio.

"Hali?" Mkuu aliuliza.

"Mlima umetulia. Mhandisi nimemfunga kwenye bomba."

"Na dada yako?"

Kipanga aliziangalia alama za viganja ukutani.

"Waambie watu wasiyaogope maji hayo, Mkuu. Rangi yake haidhuru. Alikuwa akiionja mbele yangu ili anikere."

Akaichomeka Glock kiunoni, akapita katikati ya maji ya kijani yaliyojaa uani, akatembea hadi kwenye gari bila papara. Alikuwa anakwenda kumwambia mama.