Ajira Siachi

"Dada, mwenye kadi hii ana mke tayari," karani wa bima alisema.

Chiriku alicheka. "Angalia vizuri. Mke mtarajiwa ndiye mimi. Nimekuja kuulizia karatasi tu."

"Mke na watoto wawili. Cheti cha ndoa alikileta mwenyewe juzi."

Chiriku aliinyakua kadi ya mchumba wake. Alikuwa na mimba ya miezi mitano, na mkobani barua ya kujitoa kwenye ajira aliyoipata kwa jasho lake. Ugenini kule, wanafunzi wa shahada ya uzamivu hawalingani: wa ufadhili hupewa posho tu, wa ajira wana bima na likizo ya uzazi. Nafasi ya ajira ilikuwa moja. Chiriku aliongoza kwenye usaili, mchumba wake akawa wa pili, na mkataba wa zamani wa mchumba ulikuwa unaisha.

"Niachie mimi, mpenzi," alimbembeleza. "Tukioana utaingia kwenye bima yangu." Na Chiriku, kwa mapenzi yale ya kijinga, akaandika barua.

Ukaingia ujumbe wa mchumba kwenye simu: "Umeshapeleka barua? Saa sita wanafunga."

Akampigia.

"Mkeo hajambo?"

"Mke gani tena?"

"Uliyempelekea cheti bima, halafu ukanipa kadi niende na miguu yangu!"

"Nilijua watachukua mwezi kumwingiza... Yaani, mpenzi, nisikilize. Wanakuja wiki ijayo. Nikikosa ajira, wanangu watatibiwa na nini?"

"Na huyu wa tumboni?"

"Tutajua mbele kwa mbele."

Chiriku alikata simu. Aliichana barua palepale, machozi yakimtoka, hasira ikimsukuma hadi chuoni.

Mchumba alimkuta kwa katibu wa idara, mkataba wa ajira mbele yake, kalamu mkononi.

"Ukisaini, nawaambia una mimba. Tuone kama watakuchukua!"

Chiriku akamgeukia katibu, mama wa makamo.

"Mama, nina mimba ya miezi mitano. Na ajira naitaka."

"Kwani mimba inafuta mkataba, mwanangu? Saini hapa. Fomu ya likizo ya uzazi nitakupa sasa hivi."

Chiriku akasaini jina lote mpaka la babu.

"Utalea peke yako ugenini? Utaweza?" mchumba aliuliza.

"Wewe kawapokee wanao uwanja wa ndege," Chiriku alimjibu. "Wangu nitampokea mwenyewe, na mshahara juu."