Unga Uliong'aa Kifuani

Asubuhi hiyo ya mvua, Daktari Elvire alifungua kabati la maabara yake, mtaani Mutanga Nord, akakuta chupa tupu. Unga uliokuwemo ulikuwa chembe za polima, plastiki inayoyeyuka mwilini, laini kuliko moshi. Ukivutwa kwa mdomo unashuka mpaka chini ya pafu na kung'aa kwenye picha ya kifua. Nia ilikuwa siku moja ubebe dawa.

Bonfils, dereva wa maabara, alisema amemwona Shakuru, mlinzi, akiuvuta jana saa sita mchana. Shakuru akatiwa pingu.

Mwanvua, muuza chai wa getini, ni mama mdogo wa Shakuru, ndiye aliyemlea. Wateja walikuwa na yao: unga umevushwa kwenda Kongo, mwizi ni Namegabe mfagiaji. Lakini Namegabe alikuwa msibani Uvira tangu juzi, Mwanvua mwenyewe alimsindikiza hadi kituo cha basi. Ndipo akakumbuka kikombe cha jana. Akaingia ndani, alikokuwa Inspekta Honoré wa polisi pamoja na Elvire, Bonfils na Shakuru.

"Bonfils mwanangu, Shakuru alivuta saa sita?"

"Kwa macho yangu, mama."

"Na alikuwa amefunga."

Bonfils akacheka. "Idi si ilipita? Pilau tulikula kwako."

"Ilipita. Jana alifunga moja ya zile siku sita za Shawali, za baada ya Idi, na aliyefunga havuti kitu kwa mdomo. Chai yangu ya saa sita ilirudi imejaa." Akamgeukia Honoré. "Afande, mutu anaweza kudanganya. Pafu je?"

Elvire akampiga Shakuru picha ya kifua. Mapafu yalitoka meusi, hayana hata chembe inayong'aa.

"Sasa wewe," Honoré akamwambia Bonfils.

Bonfils akakaa chini. Hakuuvuta yeye, alisema. Alimpelekea mama yake Gatumba, ambaye kifua kilimharibika tangu mafuriko, na hospitali ilishamrudisha nyumbani, haina tena la kumfanyia. Garini alikuwa amemsikia Elvire akiwaambia wageni kwamba unga ule utatibu mapafu. Alimsingizia Shakuru kwa sababu ndiye mwenye funguo.

"Munifunge tu. Leo ameamka anapumua vizuri. Amepona."

Elvire akaiweka picha mezani. "Bonfils, ile chupa ilikuwa ya picha tu. Dawa hatujaitia bado."

Mvua ikasikika juu ya bati.

"Mama yako yuko na nani?" Mwanvua akauliza.

"Yuko peke yake."

Mwanvua akatoka, akamwagia maji jiko lake huku wateja wakimshangaa, akamsubiri Shakuru afunguliwe pingu.

"Twende Gatumba," akamwambia. "Mutu hafi peke yake kama asiye na watu."